Kabla Hujapanda Upper Hill: Shughuli za Gari na Leseni Unazoweza Kumaliza kwa Simu

Leseni ikikaribia kuisha, gari likiuzwa au logibuku (hati ya umiliki wa gari) ikipotea, mkazi wa Nairobi huwaza kwanza safari. Aombe ruhusa kazini, apande matatu hadi mjini, apande nyingine hadi Upper Hill, 2nd Ngong Avenue, yaliko makao makuu ya NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Anapofika dirishani huenda akaambiwa kwamba jambo lenyewe hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

NTSA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ikachukua usajili wa magari uliokuwa mikononi mwa KRA, mamlaka ya mapato. Ilitumia mfumo wa mtandaoni wa TIMS kwa miaka kadhaa, na mwaka 2023 huduma zake zikahamishiwa eCitizen. Humo unaweza kuhuisha leseni, kukagua rekodi za gari kabla ya kulinunua, kuhamisha umiliki, kuomba nakala ya logibuku iliyopotea na kuweka miadi ya ukaguzi bila kuonana na karani yeyote.

Wanaolazimika kwenda ofisini mara nyingi wana shida nyingine: taarifa zao hazilingani. Laini ya simu iliyo kwenye akaunti imekufa. Jina la kitambulisho ni tofauti na jina la PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi. Gari bado liko kwa jina la mtu wa pili kabla ya aliyekuuzia. Mambo hayo yakinyooshwa kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, safari nyingi huwa hazina haja tena.

Akaunti iwe yako kweli

Ingia kupitia eCitizen au moja kwa moja kwenye serviceportal.ntsa.go.ke. Angalia mwisho wa anwani: go.ke ni ya taasisi za serikali ya Kenya peke yake. Ukurasa wenye nembo ya NTSA lakini anwani inayoishia kwa kitu kingine si wao, hata ukiupata juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji. Hali kadhalika ujumbe unaodai una faini na kukupa kiungo cha kulipia: usikibonyeze. Ingia kwenye akaunti yako mwenyewe uangalie kama kuna ankara yoyote.

Tatizo linalosumbua watu wengi huanzia saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Kijana wa saiba alikufungulia akaunti zamani, akaweka barua pepe aliyoibuni papo hapo, pengine na nambari yake ya simu ili msimbo wa uthibitisho umfikie haraka. Siku hiyo kazi iliisha vizuri. Sasa kila ukitaka kuingia, msimbo unaenda kwa mtu usiyejua alipo. Kama bado unakumbuka nenosiri, ingia leo, fungua wasifu wako, ubadilishe nambari ya simu na barua pepe kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Kama nenosiri limepotea, anza na hatua ya kulibadilisha kwa nambari ya kitambulisho, usome kwa makini tarakimu za mwisho za simu itakayotumiwa msimbo. Zikiwa za laini yako ya zamani ambayo bado imesajiliwa kwa jina lako, njia fupi ni kuirudisha laini hiyo kwenye duka la mtandao wako wa simu. Usikawie, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mteja mwingine, na ikishapewa mwingine utahitaji wahudumu wa eCitizen wathibitishe kwamba wewe ndiye mwenye akaunti.

Ukilazimika kutumia saiba, andika nenosiri wewe mwenyewe, usikubali kivinjari kilihifadhi, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Mtu mwenye nenosiri lako na fursa ya kuona msimbo mmoja tu anaweza kuanzisha uhamisho wa gari lako.

Kisha majina. Fungua akaunti ya eCitizen, cheti cha PIN ya KRA na kitambulisho, uviweke pamoja. Kuongeza jina la ndoa, kuacha jina la tatu, au herufi moja kugeuka, hayo yote ni sababu ya ombi kukwama. Kosa likiwa upande wa KRA, hurekebishwa kwenye iTax, tovuti ya KRA, sehemu ya kubadilisha maelezo ya PIN, na huko pia si lazima uende Times Tower, makao makuu ya KRA. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya kuuza au kununua gari. Siku ya mauziano haifai kuwa siku ya kugundua kwamba PIN yako inasema Wanjiku na kitambulisho kinasema Wanjiru.

Malipo ya huduma za eCitizen hupitia Paybill 222222, na nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara uliyopewa, si nambari ya gari wala ya kitambulisho. Unaweza kuomba mfumo ukutumie dirisha la M-Pesa kwenye simu, lakini lisipotokea, au likitokea ukachelewa kuweka PIN, usikimbilie kuomba lingine. Tazama kwanza ujumbe wa M-Pesa. Kama pesa zimetoka, subiri, fungua ukurasa upya, kisha uangalie orodha ya ankara kwenye akaunti. Wengi hulipa mara mbili kwa sababu ukurasa ulikawia kusoma malipo ya kwanza, na kurudishiwa pesa huchukua muda mrefu kuliko huduma yenyewe. Viwango vingi ninavyotaja hapa chini vina shilingi 50 za ada ya mfumo ndani yake, na vinaweza kubadilishwa. Cha kulipa ni kile kilichoandikwa kwenye ankara yako.

Leseni

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Ndani ya akaunti ya NTSA, fungua sehemu ya leseni za udereva, chagua kuhuisha, kisha muda. Leseni ya muda ya mwaka mmoja ni shilingi 650. Leseni ya kadi yenye chipu, inayodumu miaka 3, ni shilingi 3,050. Ya mwaka mmoja ukishailipia, hati yake huipakua mwenyewe kama PDF. Ihifadhi kwenye simu mahali unapoweza kuifungua bila bando, na uchapishe nakala moja ikae garini. Sheria inataka dereva aonyeshe leseni anapoulizwa na polisi, na barabarani usiku, simu ikiwa imezima chaji, PDF haikusaidii.

Ya kadi ni tofauti kidogo kwa sababu alama za vidole na picha lazima zichukuliwe ukiwepo. Unaomba na kulipa mtandaoni, unachagua kituo na tarehe, unachapisha fomu, kisha unafika mara moja. Kabla ya kuomba, jua kundi lako la damu, maana fomu huliuliza. Usilikisie: linaandikwa kwenye kadi inayosomwa baada ya ajali. Kliniki yoyote yenye maabara hupima kwa dakika chache.

Kwa wanaofanya kazi za saruji, mawe au sabuni kali, alama za vidole mara nyingi hazisomeki kwenye mashine. Siku mbili tatu kabla ya miadi, vaa glavu kazini na upake mafuta mikononi jioni. Asubuhi ya miadi nawa na ukauke vizuri, usipake kitu. Ngozi kavu iliyopasuka na ngozi yenye mafuta mengi zote husumbua mashine.

Angalia pia makundi ya magari yaliyo kwenye rekodi yako kabla ya kulipa. Kuhuisha hakukuongezei kundi. Aliyefuzu kwa gari dogo akitaka kuendesha lori au matatu lazima apitie shule ya udereva na mtihani wa kundi hilo. Na dereva wa magari ya abiria huhitaji pia cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ombi lake na malipo ya shilingi 1,050 hufanywa kwenye eCitizen, lakini alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana, makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu au Huduma Centre, vituo vya huduma za serikali. Ukiwa unahitaji hicho na kadi ya leseni, jaribu kupata miadi zote mbili kituo kimoja, siku moja.

Kununua na kuuza: hapa ndipo pesa hupotea

Uhamisho wa umiliki ndio huduma ya mtandaoni yenye faida kubwa na hatari kubwa kwa pamoja, kwa hiyo inastahili kuelezwa polepole.

Anza na rekodi. Mnunuzi, kabla ya kutoa hata pesa za kushika gari, aingie kwenye akaunti yake na kuomba rekodi za gari kwa nambari ya usajili. Ada ni shilingi 550. Hati inayotoka huonyesha mmiliki aliyesajiliwa, nambari ya chasisi, nambari ya injini, aina na mfano wa gari, mwaka wa kutengenezwa, rangi, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikishwa pamoja na mmiliki. Usikubali nakala ambayo muuzaji amekuletea tayari imechapishwa. Lipa mwenyewe, uone mwenyewe, na ikiwezekana iwe siku ile ile ya kununua, kwa sababu rekodi ya mwezi uliopita haikuambii kilichoandikwa wiki hii.

Ukiwa na hati hiyo, nenda kwenye gari lenyewe. Nambari ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya hati, herufi kwa herufi, na iwe haijachubuliwa wala kupakwa rangi mpya pembeni. Nambari ya injini nayo. Injini nyingi Nairobi zimebadilishwa gereji bila kuandikishwa. Hilo pekee si ushahidi wa wizi, lakini mwachie muuzaji kazi ya kusajili badiliko hilo na kupeleka gari kukaguliwa kabla hujalipa, maana baada ya hapo mzigo ni wako.

Kuna rekodi ya pili ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha haki yake juu ya gari kwenye sajili iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, nayo pia inapatikana eCitizen. Gari linaweza kuonekana safi kwenye rekodi za NTSA na bado likawa limewekwa rehani huko. Mikopo ya logibuku imejaa mjini, na anayeshindwa kuilipa ndiye mara nyingi mwenye haraka ya kuuza. Tafuta kwenye sajili zote mbili.

Mkataba wa mauziano usiwe karatasi ya mistari minne. Uwe na majina kamili ya wote wawili, nambari za vitambulisho na PIN, nambari ya usajili, chasisi na injini, bei, njia ya malipo, na tarehe pamoja na saa ya kukabidhi gari. Saa ni muhimu kuliko inavyoonekana. Gari likigonga mtu saa kumi jioni ya siku ya mauziano, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa na gari saa kumi.

Sasa mtandaoni. Muuzaji ndiye anayeanzisha: anaingia kwenye akaunti yake, anachagua gari, anachagua kuhamisha umiliki, anaingiza maelezo ya mnunuzi, anathibitisha kwa msimbo. Gari lisipoonekana kwenye akaunti ya muuzaji, simama hapo hapo. Ama si mmiliki aliyesajiliwa, ama rekodi yake ya zamani haijaunganishwa na akaunti yake; vyovyote vile ni yeye wa kulimaliza kabla ya pesa kusogea. Mnunuzi naye huona ombi kwenye akaunti yake na kulikubali. Ada hutegemea ukubwa wa injini, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anailipa. Desturi ya mjini ni mnunuzi, lakini iandikeni kwenye mkataba.

Nyaraka hupakiwa zikiwa zimeskaniwa: logibuku pande zote mbili, mkataba, vitambulisho, PIN. Maombi mengi hukataliwa hapa, tena kwa mambo madogo. Picha ya simu iliyopigwa chini ya taa ya manjano, kona ya logibuku imekatwa, kidole kimeonekana pembeni, kivuli kimefunika nambari ya mfululizo. Tumia skana ya bapa, au programu ya simu inayonyoosha kurasa, uweke karatasi mchana karibu na dirisha, kisha ufungue faili uisome mwenyewe kwenye skrini kabla ya kuipakia. Kama wewe huwezi kusoma nambari ya chasisi kwenye faili hilo, ofisa wa kukagua hataweza. Faili likizidi ukubwa unaoruhusiwa, lipunguze kwa kuskani upya kwa ubora mdogo kiasi. Ukilibana kwa programu hadi herufi ziwe na ukungu, litakataliwa.

Swali gumu ni nani aanze kuamini. Muuzaji hataki kuhamisha kabla ya kulipwa, na mnunuzi hataki kulipa kabla ya kuhamishiwa. Njia salama ni kukutana mchana kwenye benki au ofisi ya wakili, simu zote mbili zikiwa na chaji na akaunti zote mbili zikiwa wazi. Muuzaji anaanzisha, mnunuzi anaona ombi kwenye skrini yake mwenyewe, analipa, benki inathibitisha pesa zimeingia, mnunuzi anakubali ombi, logibuku na funguo zinakabidhiwa. Panga njia ya malipo kabla: M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja wala zaidi ya 500,000 kwa siku, na PesaLink, ya kutuma pesa papo hapo kati ya benki, ina kikomo cha shilingi 999,999 kwa muamala. Gari la shilingi milioni moja na nusu litahitaji uhamisho wa RTGS, yaani wa kiasi kikubwa kati ya benki, na benki ina saa yake ya mwisho ya kuupokea siku hiyo. Muuzaji aangalie salio lake mwenyewe kwenye akaunti. Ujumbe wa simu na picha ya skrini vyote hughushiwa.

Kuhusu ile tabia ya kuuza gari kwa mkataba tu na kumwachia mnunuzi logibuku "atahamisha baadaye": naipinga bila kusita. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka mmiliki aliyeuza amjulishe msajili ndani ya siku 7, na gari lisitumiwe barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Kifungu cha 8 kinamhesabu aliyeandikwa kwenye rekodi kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Maana yake ni kwamba ajali, kesi ya fidia, au gari likitumiwa kwenye uhalifu, wa kwanza kutafutwa ni wewe uliyeuza. Zamani uliweza kusema ofisi iko mbali na foleni ni ndefu. Siku hizi kazi hiyo ni ya saa moja kwa watu wawili wenye simu.

Bima haihami pamoja na gari. Mnunuzi anunue yake kabla ya kuwasha injini. Cheti siku hizi ni cha kidijitali na hutumwa kwa barua pepe au simu, kwa hiyo hata Jumapili unaweza kuwa nacho kabla ya kuondoka.

Gari lenye mkopo, la kampuni, au la marehemu

Mkopo wa benki ukiisha, jina la benki haliondoki lenyewe. Benki ndiyo huanzisha hatua ya kujiondoa kwenye rekodi kwa akaunti yake, wewe ukakubali upande wako. Kwenda NTSA kulalamika ni kupoteza siku, kwa sababu hawawezi kuliondoa kabla benki haijaanza. Mwandikie meneja wa mikopo, uambatishe taarifa inayoonyesha deni limeisha, uombe barua ya kumaliza mkopo, logibuku, na tarehe watakayoanzisha uhamisho. Fuatilia kwa maandishi.

Gari la kampuni halionekani kwenye akaunti binafsi ya mkurugenzi. Lazima kampuni iwe imeunganishwa kwenye eCitizen, kisha mkurugenzi abadilishe kutoka wasifu wake hadi wa kampuni. Utahitaji CR12 ya karibuni (hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni) na azimio la wakurugenzi la kuuza. Kampuni zilizosajiliwa zamani kwa makaratasi huchelewa hapa, basi unganisha kampuni leo hata kama huuzi gari.

La marehemu ndilo linaloumiza. Familia nyingi hubaki na simu na nenosiri la marehemu, na kuna mawakala watakaowashauri "mhamishe tu kwa simu yake." Msikubali. Ni kughushi, na ndugu mmoja akilalamika mahakamani uhamisho huo huvunjwa, na aliyenunua gari kwa nia njema hubaki na hasara. Mali ya marehemu huhitaji hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa, ndipo msimamizi aombe uhamisho. Hapa kuonana na ofisa ana kwa ana ni jambo la kutarajia, na ni sawa.

Logibuku ikipotea, anza polisi upate abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha umeripoti upotevu, inayotaja logibuku na nambari ya gari kwa usahihi, uape hati ya kiapo mbele ya wakili, kisha uombe nakala mtandaoni. Abstrakti yenye herufi moja ya nambari ya gari iliyokosewa hurudishwa, basi isome kabla ya kuondoka kwenye meza ya polisi.

Pale lazima ufike wewe mwenyewe

Mambo manne hayana njia ya mkato: alama za vidole, mtihani wa udereva, ukaguzi wa gari, na kuchukua pleti za nambari. Pleti mpya zenye alama za usalama zilizoanzishwa 2022 ni shilingi 3,000 kwa jozi. Agiza na ulipe mtandaoni, kisha subiri ujumbe kwamba ziko tayari kabla ya kwenda.

Kwa vidole, achana na Upper Hill kama kuna Huduma Centre karibu nawe. Nairobi zipo GPO, City Square, Makadara, Eastleigh na Kibra. GPO ndiyo inayojulikana na wengi, kwa hiyo ndiyo hujaa. Anayeishi Buruburu au Donholm ana Makadara karibu zaidi, na anayetoka upande wa Ngong Road anaweza kujaribu Kibra. Kituo ulichochagua kwenye fomu ndicho uende. Ukifika kingine, jina lako halitakuwa kwenye orodha yao.

Ukaguzi wa Nairobi ni barabara ya Likoni, Industrial Area. Miadi na malipo ni mtandaoni, na huko unapeleka gari tu. Ukilipeleka bila maandalizi, hiyo ndiyo itakuwa safari ya kwanza kati ya mbili. Siku moja kabla, washa taa zote mtu akiwa nyuma ya gari: breki, kurudi nyuma, za kugeukia, na ya kumulika nambari, ambayo husahaulika kila mara. Angalia kina cha tairi zote pamoja na ya akiba, breki ya mkono kwenye mteremko, waipa na maji yake, honi, mikanda yote ya viti, na pembetatu mbili za kuonya. Ya abiria na ya mizigo yana zaidi: kidhibiti mwendo, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza. Mwambie fundi asafishe kwa brashi na mafuta ya taa mahali palipopigwa nambari ya chasisi na ya injini. Ofisa asipoweza kuisoma nambari kwa sababu ya grisi na matope, hawezi kulipitisha gari, hata kama mengine yote yako sawa.

Ombi likikwama

Hali ya ombi hubadilika ndani ya akaunti, na sababu ya kukataliwa huandikwa humo. Wengi husubiri ujumbe wa simu ambao haufiki. Fungua akaunti mwenyewe kila baada ya siku chache. Ukikataliwa kwa nyaraka, rekebisha na upakie tena kwenye ombi lile lile. Usifungue jipya, maana maombi mawili juu ya gari moja huzuiana.

Likikaa bila kusogea, andika ujumbe mmoja tu kwenye anwani iliyo kwenye tovuti ya NTSA: nambari ya gari au ya leseni, nambari ya ombi, tarehe, msimbo wa M-Pesa, sentensi mbili za tatizo, na picha ya skrini. Usitume nenosiri wala msimbo wa uthibitisho kwa yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu. Usiweke malalamiko ya magari mawili kwenye ujumbe mmoja, kwa sababu ofisa akishughulikia la kwanza atafunga faili na la pili litabaki humo. Ukilazimika kwenda mwenyewe baada ya hapo, beba ujumbe huo ukiwa umechapishwa, pamoja na majibu yao yote, ili ofisa aanzie mahali mlipofika badala ya kukuuliza tena kila kitu tangu mwanzo.